Waranti ya gari isiishie mpakani

Katika yadi za magari za Nakawa na kando ya Barabara ya Jinja jijini Kampala, mnunuzi anaweza kubishana nusu siku juu ya bei ya gari. Anafungua boneti, anapiga teke matairi, anaondoka kama aliyekasirika, anaitwa, anarudi. Bei ikishuka, wanapeana mikono. Kisha muuzaji hutoa karatasi ya pili: waranti ya nyongeza, ya mwaka mmoja au miwili. Hapo mnunuzi yule yule aliyepigania kila shilingi hulipa kiasi alichotajiwa, kana kwamba kimepangwa na serikali.

Hakikupangwa na serikali. Waranti ya nyongeza ni bidhaa kama gunia la maharage au katoni ya sabuni: ina gharama yake, ina kamisheni ya anayeiuza, ina faida, na bei yake hupungua anapojitokeza mtu anayejua kuuliza. Kwa mfanyabiashara anayevuka mipaka kuna jambo zito zaidi ya bei. Kabla ya kuuliza waranti inauzwaje, inampasa aulize inafanya kazi hadi wapi. Waranti inayokufa Malaba, Mutukula, Katuna au Elegu haiwezi kuwa na thamani sawa kwake na kwa mtu ambaye gari lake halitoki Kampala na Entebbe.

Kwanza ni vyema kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa mara nyingi. Gari jipya huja na waranti ya kiwandani, aghalabu ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kutegemea kinachotangulia na kampuni iliyolitengeneza. Hiyo haiuzwi kando, kwa kuwa gharama yake imo ndani ya bei ya gari. Waranti ya nyongeza ni mkataba mwingine, wenye malipo mengine, na anayeahidi kutengeneza gari huenda si kiwanda kabisa. Anaweza kuwa mwenye yadi, au kampuni nyingine ambayo mnunuzi hajawahi kuisikia.

Tofauti hiyo ina uzito Kampala kwa sababu magari mengi yanayouzwa huko yametumika Japani kabla ya kupita bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, wakati Kenya inaishia miaka minane. Maana yake ni kwamba gari la miaka 12 linaweza kuingia Kampala kihalali. Waranti ya kiwandani ya gari kama hilo iliisha zamani, na kinachobaki ni ahadi ya mtu. Ahadi ya mtu hupimwa kwa uwezo wake wa kuitimiza.

Kuna pia kinga ambayo mnunuzi tayari anayo bila kulipia. Sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, kama zilivyo sheria za mauzo za Kenya na Tanzania, haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Akimweleza muuzaji kazi anayolitakia gari na kutegemea ujuzi wake, sheria kwa kawaida huchukulia kuwa gari linapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo ni busara kuandika kwenye hati ya mauzo kwamba gari linanunuliwa kubeba mizigo hadi Juba au Beni. Sentensi hiyo moja haigharimu kitu, na siku ya ugomvi inaweza kusaidia kuliko waranti ya bei kubwa.

Sasa bei. Chukua mfano wa kufikirika. Muuzaji anataka shilingi 3,000,000 za Uganda kwa waranti ya mwaka mmoja, inayohusu injini na giaboksi tu. Mnunuzi aende kwa mafundi wawili watatu wa Ndeeba na wauza vipuri wa Soko la Kisekka aulize mambo mawili: kutengeneza vitu hivyo kunagharimu kiasi gani, na katika magari kumi ya aina hiyo na umri huo, mangapi huharibika ndani ya mwaka. Tuseme injini ni shilingi 8,000,000, giaboksi 5,000,000, na kwa kila kimoja huharibika gari moja kati ya kumi. Hatari ya injini kwa mwaka ni sawa na shilingi 800,000, ya giaboksi ni 500,000. Jumla ni 1,300,000.

Tofauti kati ya 1,300,000 na 3,000,000 ndiyo uwanja wa mazungumzo. Ndani yake mna gharama halali za kuendesha biashara, mna faida, na mna kamisheni ya kijana wa mauzo. Muuzaji hawezi kutarajiwa kushuka hadi 1,300,000, maana naye anakula. Lakini mnunuzi mwenye hesabu hiyo mkononi ana sababu ya kukataa 3,000,000, na ana sababu ya kukubali kitu kisichozidi sana 1,800,000. Asiye na hesabu ana neno moja tu, “punguza”, na neno hilo muuzaji amelizoea.

Hesabu haijaisha, kwa sababu mpaka bado. Mama anayenunua bidhaa Kikuubo na kuzipeleka Beni kwa Canter yake hupita Mpondwe, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Ikiwa gari linakaa nusu ya siku zake ng’ambo, na waranti inataka gari litengenezwe kwenye gereji iliyotajwa Kampala, basi amelindwa nusu ya mwaka. Ile hatari ya 1,300,000 aliyokuwa akiikinga imekuwa 650,000, na bei nayo lazima ishuke kwa kiasi hicho.

Hasara yake yaweza kuwa kubwa zaidi ya hapo. Giaboksi ikifa Kasindi, akimruhusu fundi wa pale aifungue ili mzigo usioze, anaweza kuambiwa Kampala kwamba amevunja masharti. Akisubiri, analipa gari la kuvuta, analipa maegesho, na nyanya zinaharibika. Waranti imemlazimisha achague kati ya gari na mzigo, na mzigo ndio mtaji.

Ndiyo maana mazungumzo ya haki hayahusu fedha pekee. Muuzaji anayekataa kushusha bei anaweza kuombwa aongeze masharti. Nchi ambazo waranti inafanya kazi ziandikwe kwa majina. Mteja apewe ruhusa ya kutengeneza kwa fundi wa karibu baada ya kupiga simu na kutuma picha, kisha arudishiwe fedha kwa risiti. Gharama ya kuvutwa iwe ndani. Kiasi ambacho mteja atachangia kila anapodai kitajwe kwa tarakimu. Waranti ihamie kwa mnunuzi mpya gari likiuzwa, jambo linaloongeza bei ya gari lenyewe. Na orodha isomwe kwa makini, kwani neno “injini” katika mkataba linaweza kuacha nje tabo, pampu ya mafuta na mfumo wa umeme, vitu vinavyolisimamisha gari sawasawa na injini iliyokufa.

Wakati nao una bei. Mnunuzi ana nguvu kabla ya kulipia gari, si baada ya kukabidhiwa ufunguo. Bei ya waranti itajwe peke yake, isifichwe ndani ya jumla, na isiingizwe kwenye mkopo wa gari bila kuonyeshwa, kwa sababu hapo mnunuzi atailipia riba hadi deni liishe. Aulize pia nani anabeba hatari. Kama ni kampuni ya bima, inapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, nako malalamiko yana pa kupelekwa. Kama ni mwenye yadi peke yake, waranti ya miaka miwili ina maisha marefu kama yadi hiyo, na yadi huhama.

Wauzaji nao wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Wanasema hawawezi kudhamini gari litakalopakiwa kupita uwezo wake na kupelekwa kwenye barabara mbovu. Wanasema vipuri bandia vimejaa sokoni, kwamba wateja hukwepa sevisi, na kwamba risiti ya fundi wa mji wa mbali hawana njia ya kuihakiki. Yote hayo hutokea. Lakini dawa yake ni ukaguzi wa gari siku ya kuuza, kitabu cha sevisi kinachojazwa, na bei ya ziada iliyo wazi kwa anayevuka mpaka. Kumtoza mfanyabiashara bei kamili kisha kumkatalia Nimule si kujikinga na hatari. Ni kuuza kitu ambacho muuzaji anajua hatakitoa.

Hapa ndipo serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapoingia. Kwa bima ya madhara kwa watu wengine, jambo hili lilikwisha kutatuliwa. Kadi ya Njano ya COMESA humwezesha dereva wa Uganda kuwa na bima inayotambuliwa Kenya, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA, imo katika mpango huo. Ikiwa kampuni za nchi hizo zinaweza kulipana kwa ajali iliyotokea ng’ambo, hakuna sababu ya msingi ya kushindwa kutambuana kwa giaboksi.

Chombo kipo pia. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya mwaka 2006 inagusa maslahi ya mlaji, na mamlaka yake ipo Arusha. Inaweza kuanza na mambo madogo: mkataba wowote wa waranti unaouzwa katika nchi wanachama utaje ukurasa wa kwanza eneo unapofanya kazi, bei yake ikiwa peke yake, na uwe na nakala ya Kiswahili, lugha ambayo wakuu wa nchi waliikubali mwaka 2021 kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya. Mfanyabiashara wa Beni au Bukoba asitie saini kurasa sita za Kiingereza cha mawakili kwa kuamini maneno ya kijana wa yadi.

Mashauri nayo yanahitaji njia. Uganda ina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, na Kenya ina mahakama ya madai madogo yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya. Ni msaada mkubwa kwa anayeishi jirani na mahakama. Kwa anayetoka Goma, kurudi Kampala mara tatu kudai giaboksi kunaweza kugharimu kuliko giaboksi.

Hadi siku hizo zifike, kinga ya kwanza ya mfanyabiashara ni ile anayoitumia kila siku sokoni: kujua gharama kabla ya kutaja bei. Yadi ikikataa kuandika jina la nchi anakokwenda, fedha zile za waranti ni afadhali aziweke kwenye akaunti yake ya simu kwa jina la “giaboksi”. Akiba hiyo inavuka Mpondwe pamoja naye, na gari lisipoharibika inabaki kuwa mali yake.