UNAEGEMEA NINI?



Kiingereza kina msemo "lean on". Wengi huuchukulia kuwa ni kuamini tu. Lakini maana yake ya kwanza ni ya mwili: kuegemea. Unautoa uzito wako na kuupa kitu kingine kiubebe. Unaweza kumwamini mtu huku umesimama kwa miguu yako. Ukimwegemea, akiteleza unaanguka naye.

Waashuri walipomjia Hezekia, jemadari wao alimdhihaki kwamba Misri ni mwanzi uliopondeka, humchoma mkono anayeuegemea (Isaya 36:6). Aliyesema ni adui, lakini kuhusu Misri hakudanganya. Isaya alikuwa ameonya mapema (Isaya 31:1).

Hapa Eldoret tunalijua jeraha hilo. Mwaka 2023 wazazi waliandamana wakidai pesa walizolipa katika mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Wapo waliosema waliuza shamba, wengine ng'ombe. Mambo ya kesi tuiachie mahakama. Mimi naongea na wewe ambaye mkono wako bado unauma.

Usiseme, "Sitamwegemea mtu tena." Mhubiri 4:9-10 yatufundisha kwamba mtu akianguka anahitaji mwenzake wa kumwinua. Moyo uliojifungia haujapona.

Lakini pia, mpendwa, tusifunike uzembe kwa jina la imani. Unatuma karo kwa ajenti, hujaomba risiti, hujaandikia chuo chenyewe kuuliza kama jina la mtoto lipo, halafu unasema, "Namtegemea Mungu." Hapo uliyemtegemea ni ajenti. Mithali 3:5 haikuambii uitupe akili. Inakukataza kuifanya nguzo yako. Na Mithali 14:15 yamsifu mwerevu anayeangalia anapokanyaga.

Mzee akipewa fimbo mpya huibonyeza chini kwanza, kisha ndipo anaiegemea. Hajamtukana aliyempa. Uliza maswali. Niulize hata mimi mchungaji wako, hujanivunjia heshima. Mimi ni fimbo tu. Nikikuambia uniachie uzito wako wote, nikimbie!

Uzito wote ni wa Mmoja tu, naye hapondeki.

Wiki hii kabla hujatuma pesa au kutia sahihi, jiulize: hii fimbo nimeibonyeza?

Mungu akubariki. Amina.