Ngoma ya Kamukuzi na Daftari la Soka

Kila chama cha mpira kina siku yake moja katika mwaka ambayo viongozi huvaa suti, wajumbe hurudishiwa nauli, na taarifa ya maendeleo husomwa ukurasa baada ya ukurasa. Ligi ilichezwa. Bingwa alipatikana. Waamuzi walipewa kozi. Wafadhili wanashukuriwa, changamoto zinatajwa kwa sauti ya chini, kisha watu wanakwenda kula. Sina ugomvi na chakula hicho, maana mjumbe aliyetoka mbali ale. Ugomvi wangu ni na zile kurasa.

Nina neno moja tu la kuwaambia wazee wetu wa soka katika kanda ya magharibi ya Uganda. Maendeleo ya mwaka yasipimwe kwa makombe yaliyonyanyuliwa. Yapimwe kwa majina mapya ya watoto yaliyoingia katika daftari la wachezaji, na hesabu hiyo ianzie Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro.

Mtu atanijibu kwamba kanda imepiga hatua, na atakuwa amesema kweli. Mwaka 2017 Mbarara City, Simba wa Ankole, walipanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata Nyamityobora nao wakapanda, na msimu wa 2018/19 mji wa Mbarara ukawa na timu mbili za daraja la juu, zote zikitumia uwanja mmoja wa Kakyeka. Vijana waliokuwa wakizisikiliza klabu za SC Villa na Express redioni wakaziona kwa macho yao, kwenye nyasi za nyumbani. Lakini Nyamityobora walishuka msimu huohuo. Mbarara City nao wakashuka mwaka 2022, wakarudi 2024. Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Timu moja ikipanda, taarifa ya mwaka hunenepa, na ikishuka, taarifa hukonda, kana kwamba soka la watu wote wa magharibi linakaa katika miguu ya wachezaji kumi na mmoja. Klabu ni tunda. Taarifa ya chama ingetueleza habari za shamba.

Kakyeka uko Kamukuzi, na Kamukuzi si jina la kupita hivihivi. Huko ndiko ilikokuwa ikulu ya Omugabe, mfalme wa Nkore, yaani Ankole, kabla falme hazijafutwa mwaka 1967. Nyingine zilirudishwa kuanzia mwaka 1993, huu wa Ankole haukurudishwa rasmi. Nkore ilikuwa na ngoma yake, Bagyendanwa, na ngoma ile haikuwa ya kupigwa harusini. Wazee huisimulia kama mtu, kwamba ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake, mwenye shida aliiendea, na aliyekosana na wakubwa akiikimbilia hakuguswa. Litazameni neno hilo, kukimbilia. Limezaliwa tumbo moja na neno mkimbizi.

Soka la Uganda nalo sasa lina ngoma yake. Mwaka 2018 FUFA, shirikisho la soka la nchi, ilianzisha mashindano ya mikoa iliyoyaita FUFA Drum, yaani ngoma, na timu kumi na sita zikapangwa kwa asili za watu: Ankole, Kigezi, Tooro, Buganda, Busoga, Acholi na wenzao. Mchezaji hachezei klabu inayomlipa, anachezea kwa babu zake. Yalikuwa mawazo mazuri. Yamewarudisha viwanjani watu ambao Ligi Kuu haikuwa na habari nao, na mzee asiyemjua hata kipa wa klabu ya mjini hujua vizuri kabisa kwamba Ankole wanacheza na Kigezi, na kwamba kufungwa na Kigezi ni jambo la kujadiliwa wiki nzima. Lakini kijana aliyezaliwa Nakivale kwa wazazi waliotoka Kivu nchini Kongo, akakulia hapo, akajifunza mpira hapo, ngoma yake ni ipi kati ya hizo kumi na sita? Bagyendanwa, kama wazee wanavyosema, haikumuuliza mtu babu yake alizikwa wapi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda imelitii neno hilo kuliko nchi nyingi. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na tangu hapo imepokea watu kila mwongo. Leo wako Wakongo, ambao ndio wengi, wako Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Wahabeshi, zaidi ya laki moja na nusu kwa pamoja. Walipewa viwanja vya kulima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ikawapa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Jembe wamepewa. Ninachoombea leo ni kadi ya mchezaji.

Fikeni Nakivale jioni, Base Camp, Rubondo au Juru, jua likianza kulegea upande wa ziwa. Mtaona mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba za mgomba, na mtakisikia Kiswahili cha kila namna kikitumika kuomba pasi: cha Bukavu, cha Bujumbura, na kile cha Msomali aliyejifunza lugha palepale uwanjani kwa sababu bila lugha hupewi mpira. Timu zipo, makocha wapo. Mashindano ya kuwania mbuzi yapo pia, na mbuzi akishafungwa kando ya mti, hata baba mwenye goti bovu huomba namba. Baadhi ya vijana hupenya wakafika katika klabu za mji, sikatai. Hupenya kama maji yanavyopenya ukutani, bila mtu kuyafungulia bomba. Na timu isiyosajiliwa, kwa kanuni za mchezo wenyewe, haipo. Ikifunga mabao sita, imefunga hewani.

Nimesikia ikisemwa kwamba mlango umefungwa na FIFA. Tuusogelee tuuone. Ni kweli kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 hasajiliwi kirahisi katika nchi isiyo yake. Kanuni hiyo iliwekwa kuwazuia walanguzi wa watoto, na ni kanuni njema. Lakini ina nafasi kwa mtoto aliyekimbia nchi yake kwa kuhofia uhai au uhuru wake. Aidha, aliyeishi mfululizo miaka mitano katika nchi anakotaka kusajiliwa kwa mara ya kwanza hazuiwi nayo. Hebu tufikiri sasa ni wangapi pale Nakivale wenye miaka kumi na mitatu ambao hawajalala usiku hata mmoja nje ya Uganda! Mlango haukufungwa. Umesindikwa tu, na wa kuusukuma ni chama, maana maombi hupitia kwa chama. Mama wa watoto wanne aliyetoka Masisi na bahasha moja ya karatasi hawezi kuiandikia FIFA huko Zurich.

Wapo wenye hofu ya umri. Wanasema watoto hawa hawana vyeti, tutaletewa mtu mwenye ndevu tuambiwe ana miaka kumi na minne. Hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa mpira wa Afrika umeaibika mara nyingi kwa jambo hilo, na tangu mwaka 2009 FIFA inapima mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya chini ya miaka 17. Lakini tusimsingizie mkimbizi dhambi ambayo mwenyeji anaitenda vizuri zaidi. Mkimbizi huandikishwa na serikali, na mwaka 2018 Uganda iliwahakiki wakimbizi wake kwa alama za vidole. Mtoto aliyeandikwa angali mchanga, au aliyeandikwa ana miaka mitatu mgongoni mwa mama yake, umri wake una shahidi bora kuliko wa mtoto wa kijijini ambaye cheti chake kilitafutwa wiki moja kabla ya mashindano.

Kisha yuko yule wa swali zito, naye namheshimu. Anasema: mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula, WFP, liliondoa watu wapatao milioni moja katika mgao wa wakimbizi wa Uganda, na wewe unaandika habari za mpira? Ndugu yangu, naandika habari za mpira kwa sababu hiyohiyo. Mgao ulipokatwa, mpira haukukatwa. Jioni ile watoto walitoka wakacheza, matumbo yakiwa yalivyo. Soka halitawashibisha, na atakayewaahidi hivyo ni mwongo. Lakini nimeona jinsi kijana asiye na shamba la kutosha, asiye na ada ya shule na asiye na jina lililoandikwa mahali popote isipokuwa katika orodha ya msaada anavyoanza kujiona mzigo. Orodha ya timu ni orodha ya aina nyingine. Ndani yake unaandikwa kwa kile unachokiweza.

Fedha je? Kila mkutano wa mwaka una mzee wa “fedha hakuna”, na mara nyingi husema kweli kwa upande wa kanda. Hata hivyo, katika kipindi cha 2023 hadi 2026 FIFA imetenga kupitia mpango wake wa Forward hadi dola milioni 8 kwa kila shirikisho mwanachama. Wajumbe wa kanda wana haki ya kusimama na kuuliza ni kiasi gani kinateremka hadi Mbarara, na kutoka Mbarara kinateremka hadi wapi. Swali hilo si uasi, ni kazi waliyotumwa. Na mengi ninayoyaomba hapa hayahitaji dola milioni wala elfu. Nchi yetu pamoja na Kenya na Tanzania tulikwisha kuyapokea mashindano ya Afrika ya CHAN mwaka 2025, na AFCON ya 2027 inakuja kwetu sote watatu. Viwanja vinajengwa, zege linamwagwa. Itakuwa ajabu tukiweza kumjengea mgeni wa wiki nne jukwaa la maelfu ya viti, kisha tukashindwa kumfungulia daftari jirani wa miaka sitini.

Nitaje jambo moja ambalo ni rahisi na sijui kwa nini linachelewa: waamuzi. Sheria za mchezo ni kumi na saba. Zinafundishwa kwa Kiingereza, na mwenye Kiingereza cha shule hupata beji. Nakivale imejaa watu wazima wenye macho makali na miguu mizuri ambao lugha yao ya kufikiri ni Kiswahili, na Kiswahili hakikosi neno katika mpira. Watangazaji wa redio Dar es Salaam walikwisha kutumalizia kazi hiyo zamani: kuotea, kunawa, mpira wa adhabu, dakika za nyongeza. Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Baraza la Mawaziri mwaka 2022 likaamua kifundishwe shuleni. Basi kozi moja ya waamuzi kwa Kiswahili, pale Nakivale, siku tano, ingeipatia kanda marefa wa bei nafuu kwa ligi za wilaya ya Isingiro. Hapo wenyeji ndio wangekuwa wa kwanza kunufaika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na wasichana wasisahauliwe. Ikiwa kaka hana kadi, dada hata hakuulizwa kama anacheza. Anacheza.

Watu hupenda kunitajia Eduardo Camavinga, aliyezaliwa katika kambi nchini Angola kwa wazazi Wakongo, akaishia kuvaa jezi ya Ufaransa. Mimi huwatajia wa karibu zaidi, Nestory Irankunda, mtoto wa Warundi aliyezaliwa kambini Kigoma mwaka 2006, akahamia Australia akiwa mdogo na leo anaichezea nchi ile. Lakini naonya tusiyatumie majina haya kuwahadaa watoto. Kwa mmoja aliyefika, maelfu hawakufika wala hawatafika. Naona funzo mahali pengine: Irankunda alikuta, huko alikohamia, klabu ya watoto yenye fomu, kocha mwenye cheti, na mtu wa kuandika jina lake. Kipaji alikibeba kutoka kwetu. Karatasi akazikuta huko.

Sitaki nieleweke kwamba nadai uraia kwa kila mwenye bao zuri. Katiba inamnyima haki ya kusajiliwa kuwa raia mtoto aliyezaliwa nchini ambaye mzazi wake alikuwa mkimbizi, na hilo ni la Bunge, si la chama cha mpira. Timu ya taifa iko mbali. Mimi naongelea ligi ya wilaya, mechi ya saa kumi jioni, refa mwenye filimbi moja na watazamaji mia mbili.

Kwa hiyo, mjumbe utakayeketi mkutanoni, taarifa ikisomwa na ukafika ukurasa wa maendeleo ya vijana, nyoosha mkono. Uliza majina mapya ni mangapi, wasichana ni wangapi, wa Nakivale ni wangapi. Ukiambiwa takwimu zinaandaliwa, uliza zitakuwa tayari mwezi gani, ujibiwe, na jibu liandikwe katika kumbukumbu. Na katibu wa kanda, Jumamosi moja kila miezi mitatu, apande gari la Isingiro na wasaidizi wawili. Wachukue meza, simu yenye intaneti kwa ajili ya mfumo wa usajili, kamera ya picha ndogo, na mtu anayejua Kiswahili cha kuulizia jina la mama bila kumtisha mtoto. Wasisahau kubeba mpira mmoja wa ngozi uliojazwa upepo vizuri, maana foleni itakuwa ndefu, na watoto hawasimami foleni mahali penye uwanja.