Butembo: jina la fungu lisiwanyime watu herufi zao

Mjini Butembo, kwenye vibanda vya kuchapa maandishi ambavyo wakaaji wanaviita secrétariat public, mwanakwaya anaweza kuleta wimbo wa Lingala na kurudi nyumbani na karatasi yenye visanduku vitupu mahali pa herufi ɛ na ɔ. Mchapaji analaumiwa, kisha mashine, kisha umeme. Mara nyingi kosa liko kwingine: fonti iliyotumiwa haina herufi hizo.

Tangu 1991, mpango wa kimataifa wa Unicode unaipa kila herufi namba yake, na namba zimegawanywa katika mafungu yenye majina. Fungu la kwanza, lenye nafasi 128, linaitwa "Kilatini cha Msingi". Msingi wa nani? Kiingereza kinatosheka humo. Kifaransa kinapata é na ç katika fungu la pili, na œ ya neno sœur, ambalo watu wa Butembo wanawaitia masista wao kila siku, iko katika la tatu.

Lingala imetendewa vibaya zaidi. Ɛ na Ɔ kubwa ziko katika "Kilatini cha Nyongeza B", lakini ndogo zake ziko katika fungu lingine, "Nyongeza ya Alfabeti ya Kimataifa ya Fonetiki". MBƆTƐ ya kichwa cha habari na mbɔtɛ ya ndani ya barua hazikai pamoja. Mtengenezaji wa fonti anayechagua kwa kusoma majina tu ataona neno "fonetiki", atadhani ni alama za wataalamu wa sauti, ataliruka. Hasara si ya urembo: kwa Lingala moto ni mtu, mɔtɔ ndiyo ile inayounguza.

Wapo watakaodai jina libadilishwe, au Afrika ipewe fungu lake. Hasira hiyo inaeleweka, lakini dawa si hiyo. Mwaka 2002 fungu la "Kigiriki" liliitwa upya "Kigiriki na Kikopti". Miaka mitatu baadaye Kikopti kikapata fungu lake, na jina la kwanza likabaki vilevile. Jina jipya halijazi fonti. Unicode yenyewe inaonya kwamba fungu si njia ya kutambua lugha.

Kinachosaidia ni orodha ya herufi za kila lugha, na Lingala tayari inayo. Kinande kinadai kazi zaidi. Wataalamu wanahesabu irabu 7 za msingi, na wengi wao wameziandika mbili kwa kuweka chini ya i na u kamkia kama kale ka ç. Unicode haitazitengenezea namba mpya: herufi inaandikwa kwanza, kisha alama, na alama hiyo inakaa katika fungu jingine kabisa. Hakuna jina la fungu litakalomwambia fundi wa mbali kwamba Mnande anaihitaji.

Basi walimu, parokia na wachapaji wa Butembo wakubaliane juu ya ukurasa mmoja: herufi zote za Kinande, kubwa na ndogo, na zile za Lingala kando yake. Ukurasa huo ubandikwe ukutani kibandani. Kabla ya kutoa nakala 200, mchapaji auchape kwanza kwa fonti ileile, mteja akiwa amesimama hapo anatazama.