Fedha za UVIKO na Mkulima wa Matiri

Mwezi Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha nchi yetu dola milioni 567.25 za kukabiliana na janga la UVIKO-19. Katika fedha hizo, ambazo ni shilingi trilioni 1.3, sisi wa Visiwani tulipata takriban bilioni 230. Madarasa yalijengwa, na ndugu zetu wavuvi na wakulima wa mwani walipewa boti. Hayo tumeyaona kwa macho na tunayapongeza. Lakini yafaa tuulize: mkulima wa nafaka wa Bara alipata nini mkononi mwake?

Tuitazame kata ya Matiri, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Msomaji wa Wete asiseme huko ni mbali. Sembe anayopika huenda imetoka mikoa ile. Mkulima wa huko hakuandikiwa malipo yoyote ya janga kwa sababu ya ukulima wake. Hakuwa peke yake. Uganda nayo, mwaka huo wa 2021, ilituma shilingi 100,000 za kwao kwa kaya za mijini zilizoathirika, na mwenye jembe hakuwamo.

Wapo wasemao kwamba mkulima hakufungiwa shamba, basi hakupata hasara. Kauli hiyo hatuikubali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, na ingawa zuio halikudumu, bei ilianguka na walanguzi wakapita vijijini wakinunua watakavyo. Kisha mbolea ikapanda duniani kote, hata mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 120,000.

Serikali haikukaa kimya. Iliiagiza NFRA, yaani Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, inunue mahindi kwa shilingi 500 kwa kilo. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku ya mbolea iliyotengewa shilingi bilioni 150, na mfuko ukashuka hadi karibu 70,000. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu halisi ya mkulima, ijapokuwa haikuitwa kwa jina la UVIKO.

Ila nafuu hupungua njiani. Ruzuku haimfikii ila aliyeandikishwa kijijini na kupewa namba. Akiisha kuipata namba, wakala anayeuza mbolea mara nyingi yuko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi, na ujira wa pikipiki inayobeba mfuko, vyote hutoka katika akiba ile ile aliyookolewa na Serikali. Na mvua za Ruvuma hazimngojei mtu. Mbolea ya kupandia ikifika baada ya Desemba imekuwa pambo la ghala.

Kwenye malipo ya mazao ndiko penye uchungu zaidi. Msimu wa 2014/15 wakulima walioiuzia NFRA mahindi yao walisubiri fedha kwa miezi. Mtu aliyekwisha kungoja hivyo, mlanguzi akija na noti mkononi, atauza kwa 300 akaiacha 500 ya Serikali. Wakubwa wasimwite mjinga. Ada ya mtoto na deni la dukani havilipwi kwa stakabadhi.

Huku kwetu ZSTC hununua karafuu peke yake, na twaijua thamani ya mkulima kupeleka gunia kituoni akarudi nyumbani na fedha. Chuoni tulifunzwa kwamba ujira haungoji jasho likauke. Sharti hilo la kituo cha karafuu ndilo tunalolitaka kwa kituo cha mahindi.

Kwa hiyo twawaomba maofisa wanaohusika mambo mawili kabla ya mvua za Novemba. Mbolea ya ruzuku ipelekwe hadi makao ya kata, siyo kuishia Mbinga mjini. Na NFRA isifungue mizani mahali popote kabla fedha za kununulia hazijawa benki, na orodha ya wanaodai ibandikwe ofisi ya kijiji, ambako kila mwenye dai ataisoma.