Leseni ya Kileo ni Ahadi kwa Majirani

Katika Buguruni, tangu Malapa hadi Kisiwani, nyumba ya kulala na nyumba ya kunywea mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwa hiyo sisi hatukubali kwamba suala la leseni za vileo ni la mfanyabiashara na Halmashauri peke yao. Linamhusu pia mgonjwa aliye kitandani, mwanafunzi mwenye mtihani kesho yake, na hata binti anayehudumu baa na kurudi nyumbani kwa miguu saa 9 za usiku.

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 haikutoa ruhusa tupu. Iliweka masharti. Baa ya kawaida, siku za kazi, hufunguliwa saa 10 jioni na kufungwa saa 5 usiku. Kila mpita njia katika makutano ya Barabara ya Uhuru na Mandela anajua jinsi saa hizo zinavyoheshimiwa! Kuhusu muziki, zipo pia kanuni za kelele za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hatuna basi upungufu wa sheria.

Upungufu uko mahali pengine. Leseni ya kileo hutolewa kwa miezi sita sita. Mtunga sheria angeweza kuitoa kwa miaka mitano. Muda mfupi namna hii una maana tu ikiwa kila mara mwenye baa anaulizwa ametimiza nini. Lakini pale ambapo kuomba upya kumekuwa kulipa ada na kupewa stakabadhi, masharti hugeuka mapambo ya karatasi, na leseni huwa kodi kama kodi nyingine.

Tusieleweke vibaya. Hatudai baa zifungwe, wala hatumwonei kijicho mama anayesomesha watoto kwa pombe ya kienyeji. Kinyume chake, tunamsikitikia, kwa sababu ukaguzi ukija ghafla ni yeye anayemwagiwa pipa lake, wakati ukumbi mkubwa wenye spika za kutikisa mabati unaendelea hadi alfajiri. Sharti lisilomgusa mwenye nguvu si sharti. (Wazee watakumbuka kwamba enzi za Waingereza leseni zilitumika kumzuia Mwafrika asinunue bia za Wazungu; upendeleo katika jambo hili si mgeni.)

Wengine hutaja Kenya, ambayo sheria yake ya mwaka 2010 inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Ni sharti jema, lakini kwa jinsi nyumba zetu zilivyobanana, lingefuta karibu kila baa ya kata hii, na hivyo lingepuuzwa mara moja. Kwetu sisi saa za kufunga na sauti ya muziki ndizo zinazofaa kusimamiwa kwanza. Kwamba usimamizi unawezekana tulishuhudia tarehe 1 Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba nchi nzima, ingawa wapo waliosema haitawezekana.

Tunawaomba viongozi wa walei na jumuiya ndogo ndogo wafanye kazi isiyo na makelele. Andikeni tarehe, saa na mahali, kila usiku baa inapopitisha muda wake. Msiandike uvumi, wala majina ya wanywaji. Shirikianeni na majirani zetu Waislamu, ambao ukuta wao ni huo huo. Kumbukumbu hizo zifikishwe kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kabla ya miezi sita kwisha, na nakala ipelekwe Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo yenye eneo lililokuwa la Manispaa ya Ilala. Na parokia zinazouza bia katika harambee zao zizime spika saa 5 kamili, kabla hazijaandika barua juu ya mtu mwingine.