CRB si kufuli ya kila mlango wa benki

MTEJA anayekataliwa katika kaunta ya benki jijini Nairobi au Mombasa mara nyingi huondoka na jibu la maneno mawili: mfumo umekataa. Karani hafafanui ni mfumo upi wala umekataa nini. Mteja akifika nyumbani, jamaa na majirani ndio humkamilishia jibu hilo. Bila shaka umeorodheshwa CRB, humwambia, na habari huishia hapo.

Hivyo ndivyo herufi hizo tatu, zinazosimamia mashirika ya kukusanya taarifa za wakopaji, zilivyogeuka kuwa kisingizio cha kila mlango unaofungwa. Akinyimwa akaunti, ni CRB. Akinyimwa mkopo, ni CRB. Akikosa kazi, ni CRB vilevile. Ukweli ni kwamba milango hiyo mitatu ina funguo tofauti, na asiyezitofautisha hupoteza muda akihangaika na ufunguo usiofaa.

Chanzo cha mfumo wenyewe kilikuwa kilio cha benki. Katika miaka ya 1980 na 1990 benki kadhaa nchini Kenya ziliporomoka, na zilizosalia zikabaki na mzigo mkubwa wa mikopo isiyolipwa. Mkopaji mjanja aliweza kukopa benki moja, akaacha kulipa, kisha akavuka barabara na kukopa nyingine isiyomjua. Kanuni za kuziba mwanya huo zilitolewa mwaka 2008 na zikaanza kutumika Februari 2009. Shirika la kwanza, ambalo sasa linajulikana kama TransUnion, lilipata leseni mwaka 2010. Metropol ilifuata, na baadaye Creditinfo.

Mwanzoni benki zilitakiwa kupeana taarifa za wasiolipa pekee. Kanuni za mwaka 2013 ndizo zilizoleta mabadiliko ya maana: taarifa za mikopo inayolipwa vizuri nazo zikaanza kuwasilishwa. Tangu hapo, kuwa na jina CRB si aibu. Kila aliyewahi kukopa kutoka kwa taasisi inayotoa taarifa yumo humo, kuanzia mwalimu aliyemaliza mkopo wake kabla ya wakati hadi mfanyabiashara aliyetoroka na mamilioni. Linalodhuru ni taarifa mbaya, ambayo kwa kawaida huingizwa mkopo unapopitisha siku 90 bila kulipwa. Ila lugha ya mitaani haikubadilika pamoja na kanuni. Mpaka leo mtu husemwa "yuko CRB" kana kwamba yuko korokoroni.

Kilichoitia hofu hiyo nguvu ni simu ya mkononi. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa, ambayo sasa ni sehemu ya NCBA, zilianzisha M-Shwari. Mwananchi ambaye hakuwahi kuingia katika ofisi ya meneja wa benki aliweza kukopa mia chache akiwa kitandani, na kurejesha katika siku 30 pamoja na ada ya asilimia 7.5. Wakopeshaji wengine wa mitandaoni walifuata kwa makumi. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya wadaiwa wa mamilioni ukajikuta ukibeba madeni ya unga na nauli.

Utafiti wa MicroSave Consulting uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Wakenya milioni 2.2 walikuwa na mikopo ya kidijitali iliyokwama kati ya 2016 na 2018, na karibu nusu yao walidaiwa chini ya dola 10 za Marekani. Si vigumu kuelewa ilivyotokea. Mtu hukopa shilingi 500, akabadilisha laini ya simu au akapoteza simu yenyewe, na deni likamtoka akilini. Wakopeshaji wanatakiwa kumpa notisi ya siku 30 kabla ya kuwasilisha taarifa mbaya, lakini notisi iliyotumwa kwa nambari ya zamani haisomwi na yeyote. Hugundua miaka miwili baadaye, tena siku anayohitaji fedha kwa dharura.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika jambo hili dawa hiyo haiponyi papo hapo. Deni likishalipwa, rekodi hubadilishwa kuonyesha hivyo, ila kumbukumbu ya kuchelewa inaweza kuhifadhiwa kwa miaka mitano tangu siku ya malipo. Anayelipa Jumatatu akitarajia kitabu kiwe cheupe Jumanne hushangaa bure. Hata hivyo, deni lililofungwa na deni lililo wazi hayasomwi sawasawa na mkopeshaji makini.

Hapo ndipo alama za mikopo zinapoingia. Alama ni namba inayokadiria uwezekano wa mtu kulipa, kwa kutazama alivyolipa huko nyuma, ana madeni mangapi na amekopa kwa muda gani. Nchini Marekani kipimo maarufu cha FICO huenda kutoka 300 hadi 850. Metropol hapa Kenya hutumia kipimo cha 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Kila shirika lina kipimo chake, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na alama tofauti akitazamwa na mashirika tofauti. Na CRB yenyewe haimkatalii mtu mkopo. Anayekataa ni mkopeshaji, kwa vigezo vyake mwenyewe.

Vigezo hivyo vingi havina uhusiano wowote na alama. Mfanyakazi wa serikali anaweza kuwa na rekodi safi akakataliwa kwa sababu makato ya Sacco na mikopo mingine yameshakula sehemu kubwa ya mshahara wake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili. Mwuza mitumba wa Gikomba naye hukataliwa kwa kuwa mauzo yake hupita mkononi, na benki haioni chochote katika taarifa ya akaunti. Hao wawili wakikimbilia kununua cheti cha CRB, wanatafuta dawa katika duka la vyuma.

Akaunti ni jambo jingine kabisa. Anayefungua akaunti ya akiba hakopi chochote. Yeye ndiye anayeikabidhi benki fedha zake. Kinachoisumbua benki ni utambulisho wake. Chini ya sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya mwaka 2009, benki inalazimika kumjua mteja na chanzo cha fedha zake, na presha iliongezeka Februari 2024, jopo la kimataifa la FATF lilipoiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu.

Ndiyo maana maombi mengi hukwama katika mambo yanayoonekana madogo. Jina lililo kwenye kitambulisho halilingani na lile la PIN ya KRA. Kitambulisho kimechakaa, au hakijatoka, jambo ambalo vijana wa kaunti za mpakani walilijua kwa uchungu kutokana na uchunguzi wa ziada waliofanyiwa kwa miongo. Chama cha akina mama kimeleta fedha lakini hakikuleta cheti cha usajili wala kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha akaunti na kuchagua watia saini. Katika yote hayo CRB haimo.

Mahali mambo haya mawili yanapokutana ni akaunti yenye kitabu cha hundi au ruhusa ya kutoa zaidi ya salio. Hundi zilizokataliwa kwa kukosa fedha ni miongoni mwa taarifa mbaya zinazowasilishwa CRB, sawa na hati za kughushi na maelezo ya uongo. Benki inayoona rekodi hiyo ina sababu ya kusita.

Wakenya walioko ng'ambo hukutana na utengano huohuo. Marekani, anayenyimwa akaunti mara nyingi hana tatizo la alama za FICO. Jina lake liko kwa ChexSystems, daftari jingine linalohifadhi kwa miaka mitano habari za akaunti zilizofungwa zikiwa na deni. Uingereza nayo tangu 2016 imezilazimisha benki tisa kubwa kutoa akaunti ya msingi, isiyo na ruhusa ya kutoa zaidi ya salio, hata kwa mwenye rekodi mbaya ya mikopo. Nchi hiyo imekiri kwa sheria kwamba mtu asiyefaa kukopeshwa bado anahitaji mahali pa kupokelea mshahara.

Serikali ya Kenya kwa upande wake imelishughulikia tatizo kwa misamaha zaidi ya ufafanuzi. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasio na usimamizi kuwasilisha majina, na ikapiga marufuku kuripoti madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Novemba 2022 ulikuja mpango mwingine: wadaiwa milioni 4.2 wa mikopo ya simu, yenye jumla ya takriban shilingi bilioni 30, walipewa punguzo la angalau nusu ya deni na nafasi ya kulipa salio hadi mwisho wa Mei 2023.

Wengi walipata ahueni, na hilo halipingiki. Lakini mwenye duka aliyekuwa akilipa kila mwezi bila kukosa hakupata chochote. Yeye ndiye alama zilikusudiwa kumsaidia, kwa kuwa rekodi yake njema ingepaswa kumpunguzia riba. Bunge lilipoondoa ukomo wa riba Novemba 2019, ahadi ilikuwa kwamba kila mkopaji atatozwa kulingana na hatari yake mwenyewe. Agosti 2025 Benki Kuu ilikuwa bado ikirekebisha mfumo wa hesabu hiyo. Kwa mkopaji wa kawaida rekodi mbaya humwumiza upesi, ilhali njema humfaidi kidogo na polepole.

Ajabu kuliko zote ni mlango wa tatu, wa ajira. Kwa jina la Sura ya Sita ya Katiba inayohusu uadilifu wa viongozi, waajiri wengi walizoea kudai cheti cha CRB kutoka kwa kila mwombaji, hata wa kazi ya udereva. Kijana aliyeshindwa kulipa kwa kukosa kazi hunyimwa kazi kwa kuwa hakulipa. Cheti hicho kwa muda mrefu kimegharimu shilingi 2,200, ingawa tangu 2020 cha mara ya kwanza hutolewa bure.

Kisheria mteja si mnyonge kama anavyodhani. Ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika, na kupinga kosa lililomo. Mkopeshaji aliyemkataa kwa msingi wa taarifa za CRB anatakiwa kumjulisha hivyo na kumtajia shirika lililozitoa. Karani akisema mfumo umekataa, mteja anaweza kumuuliza papo hapo kaunta ni mfumo upi.