Mlawi wa miaka 50 na wahadhiri wetu

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo ni nadra kulisikia mimbarini. Ni nani anayewafundisha watoto wetu huko vyuo vikuu?

Kilichonisukuma ni mazungumzo na mpwa wangu aliyekuja likizo. Nilimuuliza habari za masomo, nikitegemea jibu la kawaida la vijana, kwamba ni nzuri tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjomba, ile kozi yetu kubwa mwalimu mwenyewe tumemwona mara tatu semista nzima. Anatutumia slaidi kwenye simu. Aliyekuwa anaingia darasani ni kijana mmoja, amemaliza chuo juzi tu. Siku moja tulimuuliza swali, akasimama akitazama ubao, akatuambia tumsamehe, atalitafutia jibu.”

Sikumlaumu kijana yule, na ninaomba nawe usimlaumu. Mpwa wangu alieleza kwamba baadaye kijana huyo aliwaambia ukweli: alikabidhiwa kozi hiyo wiki moja kabla ya muhula kufunguliwa, bila hata kabrasha moja la yule aliyeifundisha kabla yake. Hakuna aliyewahi kuketi naye kumwonyesha namna ya kutunga mtihani, kusahihisha kwa haki, au kulituliza darasa la watu mia tatu. Alikuwa na cheti kizuri. Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono.

Nataka tufungue pamoja kitabu cha Hesabu, sura ya 8, mstari wa 24 hadi 26. Wengi wetu huruka sura hizi kwa sababu zimejaa taratibu za hema. Hapo Mungu anampa Musa utaratibu wa utumishi wa Walawi. Mlawi anaanza kazi akiwa na miaka 25. Akifika 50 anaacha kazi zile nzito. Lakini utaratibu hauishii hapo. Mlawi huyo hafukuzwi hemani. Anabaki pamoja na ndugu zake, akiwasaidia kuulinda utumishi, ingawa mzigo wenyewe sasa uko mabegani mwa wadogo.

Tafakari hekima iliyomo humo. Mungu hakutaka mzee ang’ang’anie mzigo mpaka amdondokee nao. Wala hakutaka kijana aachwe peke yake na vyombo vitakatifu asivyovijua. Mkubwa anapunguza kazi, lakini haondoki na ujuzi wake. Ujuzi ule ni mali ya hema.

Vyuo vyetu vingi vimekosa sehemu ya pili ya utaratibu huo. Tangu mwaka 2018 sheria ya nchi yetu inawaruhusu maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa kuendelea na utumishi wa umma hadi miaka 65, tofauti na watumishi wengine wanaokoma wakiwa na 60. Ni hatua ya busara, kwa maana profesa hapatikani kwa mwaka mmoja. Kutoka mkufunzi msaidizi hadi mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa kamili, ni safari ya miaka mingi ya kusoma, kufanya utafiti na kuchapisha. Lakini miaka mitano ya nyongeza haina faida kubwa ikiwa itaisha bila mtu kurithishwa chochote. Tutakuwa tumeahirisha pengo tu.

Kuna watakaosema kwamba mwalimu mzee si lazima awe mwalimu bora. Ni kweli, na tuseme bila kuoneana aibu. Wapo wakongwe wanaosoma madaftari yaliyogeuka rangi, yale yale waliyoyatumia tangu wanafunzi wao wa leo hawajazaliwa. Wapo wanaofundisha vyuo viwili vitatu kwa wakati mmoja, wakikimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine, na darasa likabaki na slaidi. Wapo wanaorudisha karatasi za majaribio baada ya mtihani wa mwisho, wakati sahihisho haliwezi tena kumsaidia mtu. Miaka 30 ya kurudia jambo moja bila kulitafakari haimfanyi mtu kuwa mzoefu. Yakobo, katika sura ya 3 ya waraka wake, anatuonya kwamba walimu watapimwa kwa kipimo kikali zaidi. Hakuwatoa wenye mvi katika onyo hilo.

Ndiyo maana naona suala si umri, bali uaminifu wa kupokezana. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja ambaye hakuwa na maneno mengi. Aliingia darasani na chaki mbili na karatasi moja. Mara ya kwanza alininyima alama za kutosha, akaniita ofisini kwake, akanionyesha mstari kwa mstari mahali nilipodhani najua kumbe nimekariri. Nilitoka pale nimeudhika, lakini nilitoka nimefundishwa. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kiti cha nyuma. Kila kipindi kijana mmoja aliyekuwa msaidizi wake aliketi pale akiandika. Ulipofika muhula wa pili walibadilishana: kijana akasimama mbele, mzee akaenda kuketi nyuma. Kipindi kikiisha walitoka pamoja wakizungumza. Yule mzee alistaafu, na darasa halikutetereka.

Huo ndio mtindo wa Biblia. Paulo hakuona haya kusema mbele ya umati wa Yerusalemu kwamba alilelewa miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3). Naye alipokuwa mzee kifungoni, alimwagiza Timotheo ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu, nao wawafundishe wengine (2 Timotheo 2:2). Hesabu vizazi katika mstari huo mmoja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Ni vizazi vinne. Mwalimu anayefundisha wanafunzi tu, bila kulea mwalimu, amefika nusu ya njia.

Sasa nigeukie kwetu, kanisani. Madhehebu yetu yanamiliki vyuo vikuu, na tunavionea fahari. Lakini mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilipozuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora, vingine vilikuwa vya kwetu. Tulihuzunika, tukaomba, kisha wengi wetu tukasahau. Hebu jiulize, ni mara ngapi umechangia chuo cha kanisa, na fedha ile ilikwenda wapi? Tumechangia mabati, saruji, hosteli na basi. Tumeahidi mifuko 50 kwa mbwembwe, mama mchungaji akapiga vigelegele. Ni lini tumesimamishwa kuchangia mshahara wa mhadhiri mmoja mzoefu, au masomo ya uzamivu ya kijana mmoja atakayerudi kufundisha?

Majengo tunayapenda kwa sababu yanaonekana, na juu yake huwekwa jiwe la msingi lenye majina. Lakini chuo huanza na mwalimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU pale Lumumba. Majengo ya Mlimani yalikuja baadaye, mwaka 1964. Jengo la kuazima halikuzuia elimu kutolewa, kwa kuwa walimu walikuwepo.

Tena tukiwa waaminifu, tukiri dhambi nyingine. Zipo taasisi zinazobeba jina la Kristo ambazo wahadhiri wake hukaa miezi bila mshahara, wakiambiwa wavumilie kwa kuwa hii ni huduma. Yakobo sura ya 5 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana. Mhadhiri mzoefu asipolipwa atahama, na hatutakuwa na haki ya kumwita msaliti. Ataondoka na ujuzi wake, nasi tutabaki na yule kijana aliyekabidhiwa kozi wiki moja kabla.

Basi tufanye nini? Wewe mhadhiri uliyestaafu na unayeketi benchi la tatu kila Jumapili, bado hujamaliza. Hakuna anayekuomba ubebe tena darasa la watu mia tatu. Tafuta kijana mmoja wa fani yako, umwalike nyumbani, pitieni kozi yake kwa chai na mihogo. Mpe madaftari yako kabla panya hawajayapata. Wewe mhadhiri kijana, usione haya kukaa kiti cha nyuma. GPA ya 3.8 iliyokuingiza kazini inathibitisha kwamba ulijifunza vizuri, lakini kufundisha nako kunafundishwa. Wewe mzazi, ukienda kuangalia chuo cha mwanao, usiishie kuuliza ada na hosteli. Uliza walimu wa kudumu wa fani hiyo ni wangapi, na ni nani ataingia darasani. Nanyi wazee wa kanisa na wajumbe wa mabaraza ya vyuo, kwenye bajeti ijayo wekeni mstari wa kulea walimu, kisha muulinde kama mnavyolinda ule wa ujenzi.

Waamuzi sura ya 2 inatupa habari ya kusikitisha. Baada ya Yoshua na wenzake kufa, kiliinuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo aliyoitendea Israeli. Nchi walikuwa nayo, nyumba walikuwa nazo, mashamba walirithi. Hawakurithishwa maarifa. Kizazi hicho hakikutoka mbinguni. Kilizaliwa na watu waliokuwa wanajua, lakini hawakukabidhi.

Leo ukitoka ibadani, mtazame mwalimu mmoja mstaafu unayemfahamu. Msalimie, kisha muulize, “Shikamoo mwalimu, ni nani umemwachia?” Akikujibu kwamba hakuna, msaidieni kumpata.

Mungu awabariki walimu wetu, waliopo kazini na waliopumzika.